Kukonda kwa Khaled

"Miye sitamupa mutoto wangu mutu anayekauka kama samaki ndagala juani," alisema Bi Khadidja, kisha akaendelea kuchagua mchele kana kwamba amesema tu mvua itanyesha.

Waridi alikuwa bado amesimama mlangoni, koti lake jeupe la hospitali limekunjwa mkononi. Siku hiyo alikuwa ametoka kazini mapema na amerudi karibu anakimbia. Wiki iliyopita wazee wa Khaled walikuja nyumbani kwao, hapa mtaa wa Buyenzi, kuleta posa, na leo ndiyo siku mama yake aliyoahidi kutoa jibu.

"Mama, umesema nini?"

"Nimesema apana. Jibu ndilo hilo."

"Khaled? Khaled unayemwita mwanangu?"

"Bado ni mwanangu. Nitamuombea dua kila swala." Bi Khadidja aliinua uso. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho makali na mikono isiyotulia. "Lakini mi si kipofu, Waridi. Yule kijana alikuwa akiingia hapa anaingia kwa ubavu. Sasa anaingia na nafasi inabaki. Shingo imekwisha. Suruali ameifunga kiunoni kama mutu anafunga gunia. Mutu anakonda vile, malaria hana, njaa hana, duka lake lipo. We ndiye daktari. Niambie, ni kitu gani?"

Jina la ugonjwa hakulitaja. Miaka ile Bujumbura watu hawakulitaja. Walisema "ule ugonjwa", wakashusha sauti, na kila mtu akaelewa.

Swali hilo lilimuuma Waridi. Kukonda kwa Khaled alikuwa amekuona. Alijiambia ni mawazo ya biashara, maana tangu nchi jirani zifunge mipaka vipuri vya magari vilikuwa haba kuliko dhahabu. Alijiambia ni vita, ni usingizi wa kukatizwa na milio ya bunduki kule milimani. Yeye aliyeshinda hospitali akiwauliza watu habari za miili yao, hakuwa amemuuliza swali hata moja mwanamume aliyempenda.

"Mupime damu," alisema mama yake kwa sauti ya chini. "Mwambie unatafuta malaria. Asijue."

"Mama! Hiyo ni haramu kwetu madaktari."

"Basi kamuulize mwenyewe. Lakini usiniletee jibu la mapenzi. Niletee jibu la daktari."

*

Duka la Khaled la vipuri, au mapiesi kama walivyoyaita Buyenzi, halikuwa mbali. Waridi alipita katikati ya mafundi waliolala chini ya magari, nyundo zikigonga kila upande, na njia nzima alikuwa anamfikiria.

Waridi alikuwa Ubelgiji, akimaliza masomo, baba yake alipouawa katika vita hivi. Ndege hazikuwa za kutegemea na mji ulikuwa umefungwa; hakufika mazishini. Aliporudi hatimaye, alimkuta mama yake hai, amenenepa kidogo hata, na kila asubuhi jitu kubwa lenye sauti ya upole lilisimama mlangoni na kuuliza, "Mama Waridi, umeamka salama?" Halikuingia. Halikutaka chai. Lilitaka jibu tu, kisha likaenda kufungua duka. Ndivyo Waridi alivyompenda Khaled, kwa kumsikiliza akiuliza swali lile lile kila siku na kulingoja jibu lake kana kwamba ni jipya.

Alimkuta peke yake dukani, anainua betri ya lori kuipandisha kwenye meza. Betri ya aina ile zamani aliibeba kwa mkono mmoja huku anapiga soga. Sasa aliitua, akashika ukingo wa meza, akaangalia chini mpaka pumzi iliporudi. Kisha akafungua chupa ya maji akanywa nusu yake bila kupumzika.

"Ah, Dokta!" alisema alipomwona, na uso mzima ukafunguka. "Mama amejibu?"

Waridi alikaa kwenye stuli. Mlango waliuacha wazi, kama adabu ilivyotaka, lakini kelele za nyundo zilitosha kuwaficha.

"Kwanza nikuulize, Khaled. Mudomo unakukauka?"

"Ni vumbi hili."

"Tangu lini vumbi la Buyenzi linakukausha mudomo? Ulizaliwa ndani yake."

Khaled alicheka kidogo, akanywa tena.

"Unalala vizuri?"

"Nalala sana hata. Mchana nasinzia hapa kwenye kiti, wateja wananiamsha."

"Na ndoto?"

Akamtazama kwa mshangao. "Nani amekuambia habari za ndoto?"

"Hakuna. Niambie tu."

"Wallahi ni ndoto za ajabu, Waridi. Za rangi. Juzi niliota duka langu liko chini ya ziwa, viboko wamepanga mustari wanataka mapiesi ya Toyota, na mi nawaambia, subirini, subirini, embargo, mipaka imefungwa."

Waridi alicheka mpaka akafunika mdomo. Halafu kicheko kikamkatikia katikati, kwa sababu ndoto za rangi alikwisha kuzisikia, na siyo mara moja, wala siyo kwa Khaled.

Tangu Septemba kazi yake hospitali ilikuwa hiyo. Habari zilikuwa zimefika kutoka Ulaya kwamba vidonge fulani vya kupunguza mwili vimeondolewa madukani, maana baadhi ya waliovitumia walikutwa na kasoro kwenye vilango vya moyo. Bosi wake, Profesa Astère, daktari wa moyo, aliuliza mkutanoni: je, hapa kwetu wapo wanaovinywa? Watu walicheka. Burundi hii, nani anatafuta kukonda? Lakini Profesa alipitisha neno, na wanawake wakaanza kuja mmoja mmoja, wamevaa miwani ya jua. Wake wa wakubwa, makarani, mwalimu. Kazi ya Waridi ilikuwa kuwauliza, na aliipenda kuliko kazi zote alizowahi kufanya, maana vidonge vile havikugusa tumbo peke yake. Viligusa kinywa, usingizi, choo, hasira, ndoto. Bi Odette, karani wa ofisi moja ya serikali, alimwambia kwa uchungu wa kweli, "Dokta, hata hamu ya kusengenya imeniisha." Kila mwili ulijibu kivyake, na Waridi alirudi nyumbani kila jioni akiwa na maswali mapya.

Wote walikuwa wanawake. Hakuwahi kufikiria mwanamume.

"Khaled," alisema polepole. "Jana ulikula nini?"

Khaled alivuta kopo la misumari karibu.

"Na juzi?"

Khaled alianza kupanga misumari iliyokuwa imepangwa tayari.

"Unakunywa vidonge gani?"

Alikwenda mlangoni akachungulia kulia na kushoto. Aliporudi, lile jitu ambalo lilikuwa limebaki nusu lilikaa chini na kujifuta jasho.

"Usimwambie mutu."

"Wanafikiri una ule ugonjwa! Mama amekataa posa juu ya kukonda kwako!"

Rangi ilimtoka Khaled usoni. Waridi alitegemea kwamba sasa atasimama, atakwenda mbio kwa Bi Khadidja, atasema ukweli. Badala yake akatikisa kichwa.

"Heri waseme nina ule ugonjwa," alisema, "kuliko Buyenzi nzima iseme Khaled wa mapiesi anakunywa vidonge vya wanawake. Watanicheka mpaka nife."

"Basi wacheke! We unajua vidonge hivyo vinafanya nini? Ulaya wamevitoa sokoni. Vinaharibu moyo!"

"Mutu aliyeniletea hakusema hivyo."

"Aliyekuletea ni muganga? Tangu lini unavinywa?"

"Tangu baada ya Idi."

Karibu mwaka mzima. Waridi alisimama.

"Juu ya nini, Khaled? Nani alikulazimisha?"

"Hakuna." Hakumtazama. "Siku ile ya Idi ulituonyesha picha zako za Ubelgiji. Unakumbuka? Wale wenzako mulisoma nao. Wanaume wote wembamba, wamesimama kwenye theluji kama miti ya simu. Nikajiangalia. Nikasema, muke huyu ametoka kwa watu wale, amerudi hapa anakuta kiboko. Nikasema nitapunguka kidogo kidogo, asijue, siku moja ataniona tu."

"Na mi nilisema neno lolote juu ya mwili wako?"

"Apana. Hukusema."

"Nilicheka?"

"Apana."

"Basi umefanya kesi peke yako, ukatoa ushahidi peke yako, ukajihukumu!" Sauti ilipanda, na fundi mmoja nje akaacha kugonga. Waridi akaishusha. "Jumatatu asubuhi njoo hospitali. Na vidonge vilivyobaki uvilete. Ukikataa kuja, hiyo posa nitaikataa miye mwenyewe, kabla ya mama."

Aliondoka bila kuaga. Alipofika kwenye kona ndipo machozi yalipomtoka, akayafuta kwa koti jeupe.

*

Profesa Astère alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyoteremka puani. Waridi alimweleza kwamba yeye mwenyewe hawezi kumpima mgonjwa huyu.

"Sababu?"

"Ni mchumba wangu, Profesa. Au alikuwa. Sijui."

Profesa alimtazama juu ya miwani, kisha akamtazama Khaled aliyekuwa amejikunja kwenye benchi kana kwamba anataka kuingia ukutani.

"Na anakunywa vidonge? Huyu bwana?" Uso wa mzee uling'aa kama wa mtoto. "Enfin, hatimaye mwanaume! Miezi yote hii napata wanawake peke yao. Karibu, bwana, karibu sana! Unajua nimekutafuta kiasi gani?"

"Profesa, sauti," alinong'ona Khaled.

"Ah, pardon."

Walimtoa damu kwanza. Khaled mwenyewe alisema, "Pimeni vyote. Na ule ugonjwa pia. Nataka kujua kila kitu." Kisha akaingia chumba cha mashine, na Waridi akabaki kwenye korido. Alisimama pale wanaposimama wengine kila siku, wake na mama za wagonjwa. Hakuwahi kujua kwamba korido ile ni baridi. Alisikia sauti ya Profesa ikiuliza maswali yale aliyoyaandaa yeye, kuhusu kinywa na usingizi na choo, na sauti ya Khaled ikijibu taratibu, na katikati ya jibu moja walicheka wote wawili. Alijua ni ile ndoto ya viboko.

Halafu mlango ukafunguka.

"Docteur Waridi," Profesa aliita. "Anasema uingie. Ruhusa ametoa yeye."

Khaled alikuwa amelala ubavu wa kushoto, kifua wazi, kimepakwa mafuta baridi ya mashine. Waridi alijilazimisha kutazama kioo cha mashine tu. Na pale ulikuwepo moyo wa Khaled, mweusi na mweupe, unafunga na kufungua.

"Angalia hapa," alisema Profesa. "Kilango hiki. Damu ikipita, kinatakiwa kifunge kabisa. Hakifungi. Kinavuja kidogo, inarudi nyuma."

Khaled aliinua kichwa. Hofu ilikuwepo usoni, lakini na kitu kingine pia, udadisi ule wa mtu aliyeshinda maisha yake yote akiangalia ndani ya mashine. "Hiyo ni sopapu, kilango cha injini," alisema.

"Ndiyo, bwana, ni sopapu."

"Sisi sopapu ikivuja tunabadilisha."

"Hii hatubadilishi. Imevuja kidogo tu. Unaacha vidonge leo, halafu tunangoja."

"Itapona?"

Profesa alivua miwani. Waridi alimjua; mtu mwingine angesema inshallah na kumpapasa mgonjwa bega. "Sijui," alisema. "Wenzetu wa Ulaya wanaanza kuona kwamba wengine wakiacha, kinarudi chenyewe. Wengine kinabaki hivyo hivyo, na wanaishi nacho. Wengine kinazidi. Hiyo ndiyo sababu tunauliza watu maswali mengi hivi. Hakuna anayejua bado. Nitakupima tena baada ya miezi sita, ndipo nitajua kidogo zaidi."

Walipotoka nje, Khaled alisimama kwenye lango la hospitali.

"Kwa hiyo nilikuwa muzima," alisema, "nikajitia ugonjwa ili upende kuniangalia."

Waridi alitaka kumfokea tena, lakini hasira haikuja. "Ndiyo," alisema.

"Utamwambia mama yako?"

"Siwezi. Ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Hata akinikataza kuolewa mpaka kufa, mi siwezi kumwambia neno."

Khaled alitazama barabara. Lori la wanajeshi lilipita, wakasubiri vumbi litulie.

"Majibu ya damu yakitoka," alisema, "nitakuja kwenu. Nitasema mwenyewe."

*

Majibu yalitoka, na damu ya Khaled ilikuwa safi. Alikuja baada ya swala ya adhuhuri, amevaa kanzu iliyomzidi sasa kila upande. Bi Khadidja alimkaribisha sebuleni kwa adabu ya kumkaribisha mtu anayekwenda kuzikwa. Waridi alikaa kando, mikono mapajani.

"Mama Waridi," alianza Khaled, "umekataa posa yangu, na mi nakupa haki. Mutu akikonda hivi, muzazi lazima aogope. Lakini ule ugonjwa mi sina. Nimepimwa." Akameza mate. "Nilikuwa nakunywa vidonge vya kupunguza mwili."

"Vya kufanya nini?"

"Vya kukondesha."

Bi Khadidja alimgeukia Waridi, akamrudia Khaled. "Kuna vidonge vya hivyo? Mutu ananunua njaa?"

"Njaa yenyewe husikii, Mama. Ndiyo kazi yake. Chakula kiko mbele yako, unakiangalia kama unaangalia jiwe."

"Subhanallah. Njaa inakwenda wapi?"

"Inakatwa kichwani," alisema Waridi, akashindwa kujizuia. "Tumbo linaita, kichwa hakisikii. Lakini dawa haikai kichwani tu, Mama. Inazunguka mwili wote."

"Na sasa niseme mabaya," alisema Khaled. Akaeleza habari za moyo, bila kupunguza, kilango kinachovuja, na daktari mkubwa aliyesema hajui. Alisema na sababu pia, picha na theluji na kiboko, na alipofika hapo sauti ilikuwa karibu haisikiki. Bi Khadidja hakucheka.

Udadisi ulikuwa umemtoka usoni.

"Kwa hiyo ukimuoa mutoto wangu, anaweza kuwa mujane."

"Anaweza, Mama."

"Waridi. Nataka jibu la daktari."

Waridi alilitafuta. "Daktari hajui, Mama. Miezi sita anapimwa tena."

"Basi mungoje miezi sita. Moyo ukifunga, mutaoana. Usipofunga, tutazungumza."

Khaled aliinamisha kichwa kukubali. Waridi alimwona akikubali, na kitu ndani yake kikasimama.

"Miye singoji," alisema.

"Waridi!"

"Singoji, Mama. Mapigo yake nitayapima kila asubuhi kama itabidi. Chumvi nitampunguzia. Lakini miezi sita, katika mji huu? Nani hapa Buyenzi anajua atakuwa wapi miezi sita? Nikingoja mpaka nijue, nitakuwa nimejua nini?"

Aliogopa alichosema mara tu kilipomtoka. Bi Khadidja alikuwa ameinuka. Alikwenda dirishani akawapa mgongo, na mikono yake isiyotulia ikatulia.

"Baba yako," alisema bila kugeuka, "moyo wake haukuvuja hata siku moja. Ulikuwa unapiga kama ngoma, usiku nikilala ubavuni pake ndio ulionitia usingizi. Asubuhi ile alitoka hapa muzima kabisa, anakwenda soko la Jabe kununua sukari." Akaegemeza paji la uso dirishani. "Kama mutu angekuja kabla ya ndoa yangu, aniambie, Khadidja, utakaa naye miaka hii tu, kisha atakwenda Jabe asirudi. Ningemukataa?"

Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akageuka.

"Waambie wazee wako waje Ijumaa," alimwambia Khaled. "Na leo hutoki hapa bila kula. Kidogo kidogo, kama Waridi atakavyosema. Lakini utakula."

Akaenda jikoni, na sahani zikaanza kulia.

Waridi na Khaled walitoka uani, wakasimama karibu na mlango wa barabarani ambapo watu wanapita na hakuna aibu. Khaled alikuwa anajifuta macho waziwazi, kama mtu asiyejali tena Buyenzi itasema nini.

"Kitu kimoja sikielewi," alisema Waridi. "Kila asubuhi ulikuwa unamuuliza mama kama ameamka salama. Miye, juu ya nini hukuniuliza ninapenda mutu wa namna gani?"

Khaled alifikiri. "Mama yako nilijua atajibu vizuri. We niliogopa jibu."

"Uliza sasa."

"Sasa?"

"Sasa hivi."

Akajikohoza. Akanyoosha kanzu yake kubwa. "Waridi binti Yahaya, unapenda mutu wa namna gani?"

Waridi akaanza kumwambia. Alianza na sauti yake mlangoni asubuhi, akaja kwenye mabega, akaja kwenye viboko waliopanga mstari, na Bi Khadidja alipoita kutoka ndani kwamba chakula kinapoa, alikuwa bado hajafika hata nusu.